Viti Viwili vya Kuingilia, Kimoja cha Kutokea

Uvumi wenyewe niliukuta mashineni, nikisubiri mahindi yangu yasagwe. Mwanamke mmoja nisiyemfahamu alikuwa anasema kwamba serikali imefungua ofisi mjini ya kuwaandikisha wanawake wawili wanaoishi pamoja kama mtu na mwenzake, na wanaume wawili vilevile, wapewe hati na haki zao. Hilo si uvumi, lilitangazwa redioni. Uvumi ni lile alilolisema mwisho, akiwa amekwisha kujitwika ndoo yake ya unga. Alisema kwenye mlango wa kuingilia ofisi hiyo kuna viti viwili, na kwenye mlango wa kutokea kuna kiti kimoja tu.

"Kwa hiyo?" nikamuuliza.

"Kwa hiyo nini, mama? Mimi nimesema viti."

Akaenda zake. Nami nikarudi nyumbani, nikasonga ugali, nikala, na kile kiti kimoja kikawa kimeingia kichwani na hakitoki. Nikifagia nakiona. Nikifumba macho kusali, nakiona kimesogea karibu.

Niseme mapema: mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo serikali yetu siielewi, naisimulia tu. Nina binti mmoja, Sikudhani, fundi redio. Anaishi na Tunu, fundi wa sare za shule, na wote wawili wanaishi nami. Wanapendana. Mwanzoni nililia sana, halafu nikaacha, maana kila nilipolia aliyekuja na chai na kuniambia "mama, kunywa ikiwa moto" alikuwa ni huyohuyo Tunu.

*

Sheria yenyewe ilikuja hivi. Walikuja wageni kutoka nchi za mbali, wakamuuliza Mtukufu Mlezi wa Taifa kama watu wa namna hiyo wana haki hapa kwetu. Mtukufu hapendi kuulizwa. Akasema zipo. Wageni wakasema wangependa kuziona. Basi ikabidi zitengenezwe usiku kucha, na asubuhi Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nyumba akasimama redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu sikivu imesikia hata wasiosema. Kuanzia leo, wawili wa jinsia moja waishio pamoja wana haki ya kuonana hospitalini, haki ya kutiliana saini, haki ya kuzikana na haki ya kurithiana vyombo. Haki hizi ni kamili. Ni nzuri mno. Na kwa sababu ya uzuri wake, tumezifungia mahali salama ambapo hakuna mwananchi atakayeziharibu kwa kuzitumia ovyo."

Pakapigwa makofi redioni, yakapigwa mpaka betri zetu zikaisha.

Sisi tusingejisumbua. Nyumbani kwetu hapakuwa na mtu aliyehitaji hati ya kumwambia kwamba anampenda mwenzake. Lakini Tunu alikuwa ameota uvimbe tumboni. Daktari alisema utolewe upesi, na akatoa karatasi itiwe saini na mtu wake wa karibu kisheria. Sikudhani akashika kalamu. Daktari akaichukua kalamu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Wewe ni nani yake?"

"Naishi naye."

"Hata panya wanaishi naye, dada. Kisheria wewe ni nani yake?"

Tukampigia simu kaka yake Tunu, huko kwao milimani. Akasema hamjui mtu wa jina hilo, na tumwambie huyo mtu asimpigie tena. Tukabaki na ile ofisi.

*

Msajili wa Waishio Pamoja alikuwa anaitwa Bwana Ndelema. Mtu mpole, msafi, ananukia sabuni, anakunywa maji ya uvuguvugu kwa kijiko. Mlangoni kweli kulikuwa na viti viwili, vimefungwa pamoja kwa mnyororo. Sikudhani na Tunu wakaketi. Mimi nikanyoosha shingo kuutafuta mlango wa kutokea, lakini ulikuwa umefungwa.

Bwana Ndelema akasoma maombi yao mpaka mwisho, akatabasamu.

"Mmeandika vizuri sana. Tatizo ni moja. Pingamizi liko wapi?"

"Hakuna anayepinga," Sikudhani akasema.

"Basi maombi hayajakamilika."

Nikamuuliza, kwa adabu, mwanangu, mtu asipopingwa si ndiyo vizuri? Akaniangalia kwa huruma ya kweli.

"Mama yangu, mimi nimeajiriwa kuamua. Asipopinga mtu, nitaamua nini? Nitakuwa nimekaa hapa kama gogo, nakula mshahara wa wananchi bure. Nileteeni mpingaji mmoja, mwaminifu, mwenye akili timamu. Nitamsikiliza, nitamkatalia, nitagonga muhuri. Ndivyo haki inavyotendeka."

Hivyo ndivyo tulivyorudi mtaani kutafuta mtu wa kutupinga.

Jamani, hilo nalo ni jambo la kuomba? Tulizunguka nyumba kwa nyumba. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na hakuna mzazi aliyekuwa tayari kumpinga fundi wa sare wakati kaptula ya mwanawe iko mezani haijapindwa. Mama Kalembo, anayeongoza maombi ya mtaa na ambaye nilimtegemea kabisa, alinishika mkono.

"Mimi nawapinga rohoni, dada. Nawapinga sana, kila siku. Lakini kwa maandishi, hapana. Tunu ndiye anayejua vipimo vyangu."

Tunu alikuwa anadhoofika. Alikuwa anashona amejikunja, kidevu kikigusa cherehani. Na hapo ndipo mimi, kwa akili yangu ya darasa la saba, nikamkumbuka Mzee Sombi.

*

Mzee Sombi ni jirani yetu wa nyuma, na ni mtu wa Juu, kama alivyo Tunu. Sisi ni watu wa Chini. Watu wa Juu na watu wa Chini ni watani tangu enzi za mababu. Mtani, kwa asiyejua, ndiye anayekutukana mbele za watu na huruhusiwi kukasirika. Ukifiwa, anaingia kaburini na kulala humo, anakataa kutoka mpaka apewe kitu. Ukioa binti wa kwao, anajilaza mlangoni na kupiga kelele kwamba mmewaibia mtu wao, hapiti mtu, mpaka apewe jogoo. Akipewa anainuka, anacheka, na anakuwa wa kwanza kucheza ngoma. Arusi isiyopingwa na mtani, kwetu, watu huondoka wakinong'ona kwamba haitadumu.

Nikafikiri: kumbe serikali imerudi kwenye mila! Wanataka mtani, ila hawajui jina lake.

Mzee Sombi alifurahi mpaka akakohoa. "Miaka yote hii nawaona hawa wawili, sijapewa hata shingo ya kuku! Nitawapinga mpaka ofisi itikisike. Jogoo awe mwekundu, na awe na sauti."

Siku ya siku tukaenda wanne, na jogoo wangu kwenye kikapu.

*

Mzee Sombi hakuketi. Alipofika mlangoni alijilaza chini, chali, kofia usoni.

"Hapiti mtu!" akanguruma. "Watu wa Chini ni wezi!"

Karani akamruka, akakaa kwenye mashine yake ya chapa na kuanza kugonga. Nilisikia akijisomea: *Mlalamikaji ameanguka mlangoni kwa uchungu.*

"Mzee, unalo pingamizi?" Bwana Ndelema akauliza.

"Ninalo kubwa kuliko makalio ya huyu mama!" Alikuwa ananinyooshea kidole mimi. Nikacheka. Karani akagonga: *Mama wa mtuhumiwa amecheka.*

Lile neno "mtuhumiwa" nilipaswa kulisikia vizuri. Nililisikia, likapita.

"Endelea, mzee."

"Binti yetu walimwiba mchana kweupe! Alikuwa mnene kama gunia la mpunga, mtazame sasa, amebaki shingo! Wanamlisha makombo na maneno matamu. Huyu Sikudhani ndiye mwizi wao mkuu, ana mikono mirefu kama nyani. Nirudishieni mtu wangu!"

Tunu, pamoja na maumivu yake, alikuwa anacheka akijishika tumbo. "Mzee Sombi, jamani, nitafia hapa."

*Aliyeibwa anasema atafia hapa,* karani akagonga.

"Unataka arudishwe lini?" Bwana Ndelema akauliza, kijiko kikiwa hewani.

"Leo! Au nipewe jogoo."

Bwana Ndelema akakiweka kijiko chini.

"Unasema uko tayari kumwacha binadamu huyu, ukipewa kuku?"

"Jogoo," Mzee Sombi akarekebisha. "Mwekundu."

Na mimi, kwa furaha ya kuona mambo yanakwenda kama arusini, nikafungua kikapu. Jogoo akatoka, akapanda juu ya meza ya serikali, akawika.

*

Bwana Ndelema alisimama kumkaribisha, kama vile ameingia mgeni rasmi. Akasema huyo sasa ni kielelezo, asiguswe. Kisha akasoma uamuzi wake, na nikatambua kwamba karatasi aliyokuwa anasoma ilikuwa imechapwa zamani, mahali pa majina pakiwa wazi.

Alisema ofisi yake inaheshimu sana upendo. Lakini upendo ni kitu kimoja, na wizi wa mtu ni kitu kingine. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, alisema, mlalamikaji amejitokeza kwa hiari, amelala chini kwa hiari, na wenye kosa wameleta malipo wenyewe kwenye kikapu. Hivyo basi Tunu atarudishwa kwa mwenyewe, yaani Mzee Sombi. Na Sikudhani ataomba radhi kwa taifa, ndani.

Mzee Sombi aliinuka. Sikuwahi kumwona mzee yule akiinuka haraka vile.

"Bwana mkubwa, ule ni utani."

"Utani ni nini?"

"Ni pale... mtu anasema asilolimaanisha, na anayeambiwa anajua halimaanishwi."

"Aa," Bwana Ndelema akasema, kwa upole uleule. "Hilo sisi tunaliita uongo mbele ya Msajili. Tuandike hilo? Tukiandika hilo, wewe utaingia ndani, pingamizi lako litafutwa, na maombi ya hawa yatakuwa tena hayajakamilika. Lakini ukisimamia maneno yako, sheria inakutambua. Wewe ndiye Mwenye Kurudishiwa. Unayo haki ya kumwona hospitalini, kumtilia saini, kumzika, na kurithi vyombo vyake. Ile saini mliyoifuata hapa, ukitoka sasa hivi unakwenda kuitia."

Mzee Sombi akafungua mdomo. Akamwangalia Tunu, ambaye alikuwa ameacha kucheka na midomo imekuwa ya kijivu. Akaniangalia mimi. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Siwezi," akasema. "Huyu si mwizi. Huyu mtoto alinitengenezea redio yangu..."

"Nyamaza, kichwa kibuyu!" Ilikuwa sauti ya Sikudhani. Alikuwa amesimama, na mkono mmoja bado umemshika Tunu. "Watu wa Juu hamna kumbukumbu? Umeniita mwizi mbele ya watu, sasa unajikojolea? Sema tena! Sema mimi mwizi, wewe mzee wa milimani, meno kama mbegu za boga! Sema, halafu uende hospitali na mtu wako kabla sijakuibia tena!"

Alikuwa anamtukana hasa kama mtani anavyotukana.

Mzee Sombi akavua kofia. "Mwizi," akasema, polepole sana. "Mwizi wewe."

Karani akagonga, akang'oa karatasi.

Wakaufungua mlango wa kutokea. Kiti kilikuwa pale, kimoja, cha mbao, hakina kitu chochote cha ajabu. Sikudhani akaambiwa aketi kidogo. Akaketi. Mlango ukafungwa.

*

Saini ilitiwa, uvimbe ukatolewa. Tunu alipozinduka alimwita Sikudhani, na muuguzi akaniambia nimzibe mdomo, kwa sababu aliyeibwa hatakiwi kumtaja mwizi wake. Nikamziba kwa mkono huu ninaoandikia. Pumzi yake ilikuwa ya moto.

Mvua za masika zilianza na kwisha ndipo Sikudhani aliporudi. Ya huko ndani hayasimulii. Redio anatengeneza kama zamani, lakini kitini haketi tena, hata umbembeleze vipi. Anakula amesimama, ameegemea mlango. Sharti la kuachiwa kwake ni kwamba asimwone Tunu, asimguse, asimtumie neno. Na kwa kuwa Tunu anakaa kwa Mzee Sombi, ambaye ni jirani yetu wa nyuma, serikali ilijenga katikati uzio wa mabati marefu, na Waziri mwenyewe akaja kuuzindua kwa utepe. Alisema ni uzio wa kwanza nchini uliojengwa kulinda haki za waishio pamoja. Wageni wa nchi za mbali wakapiga picha.

Pembeni ya uzio wakaweka afisa wa kusikiliza, na kumletea kiti kimoja. Kazi yake kuhakikisha uadui wa mlalamikaji na mwizi haupoi, maana ukipoa kesi itakuwa haina maana.

Kwa hilo hatuna wasiwasi. Uadui ni mkubwa. Kila jioni Mzee Sombi anasimama upande wake na kutukana.

"Enyi wezi wa Chini! Binti yetu leo kamaliza bakuli zima la uji, hakumbakizia hata paka! Mlifikiri atakufa? Ameanza kushona tena, mikono yenu ya nyani ikauke!"

Na Sikudhani, amesimama upande huu, paji la uso kwenye bati, anajibu:

"Mwambie huyo gunia la mpunga hata akishona, pindo zake zimepinda! Wala sisi hatulali tukimwaza! Hatumwazi asubuhi, hatumwazi mchana!"

Halafu upande wa pili kitu kinagonga bati polepole, nafikiri ni upepo. Afisa anaandika kila neno. Wakubwa wake, nasikia, wameridhika sana na chuki yetu.

Lakini juzi afisa huyo alihamishwa. Wameleta mwingine, kijana mchangamfu, anaitikia salamu. Nikamuuliza kwao wapi. Akasema kwao ni Juu, mama, milimani kabisa, bibi yake alikuwa akilala makaburini kudai jogoo.

Jioni Mzee Sombi aliposimama na kutukana, huyu mpya alisikiliza, kalamu haijagusa karatasi. Kisha akacheka. Alicheka pale hasa panapochekesha, kama mtu anayejua kwamba hii si chuki. Akafunga daftari, akatutazama mmoja mmoja, na akasema kesho atahitaji kiti cha pili, hakusema cha nani.

*

Basi wazazi wenzangu, mimi sina elimu ya kuwashauri la kufanya. Naandika ya kuepuka tu.

Epuka haki iliyofungiwa mahali salama.

Epuka kumtafutia mwanao mpingaji, hata ukiambiwa ni utaratibu.

Usimpeleke mtani ofisini. Utani ubaki makaburini na arusini, ambako watu wana akili.

Usibebe jogoo.

Usicheke mbele ya mtu anayepiga chapa.

Ukiona viti viwili vimefungwa mnyororo, mwambie mwanao asimame. Akichoka, aegemee kwako.

Usimzibe mtu mdomo anapotaja jina.

Ukipita nyuma ya nyumba yetu jioni ukasikia matusi, usisimame kusikiliza. Ni matusi tu.

Na yule kijana akicheka, usicheke naye.